Kuni za Msiba

Kalibu alizikwa haraka, kama maskini wanavyozikwa, kisha ndugu zake wakaanza kumheshimu.

Alipokuwa hai hakuna aliyeuliza kama amekula. Jina la Kalibu walimpa kwa sababu hakuonekana bila ile kalibu yake ya mbao ya kufyatulia matofali, ameibana kwapani popote aendako. Nyumba zote zilizonyooka pale kijijini zilitoka mikononi mwake. Alichoma matofali ya shule, ya zahanati, ya duka la kaka yake, na jioni alirudi kulala kwenye kibanda cha fito na udongo ambacho ukuta wake mmoja uliegemezwa gogo usianguke. Watu walimsifu kwa upole. Fundi asiyedai hela yake lazima asifiwe kwa kitu.

Mwaka huu ndipo alipopata akili, akafyatua ya kwake. Yeye na binti yake walikanyaga udongo tangu mvua zilizopita zilipokatika, wakafyatua, wakakausha, wakapanga tanuru nyuma ya kibanda. Lilitosha vyumba viwili na sebule ndogo. Aliliachia midomo mitatu chini ya kutilia moto, akalikandika udongo pande zote, na pembeni akarundika kuni: magogo mazito aliyoyapasua mwenyewe na kuyakausha juani hadi yakalia yakigonganishwa. Asubuhi aliyopanga kuwasha aliinama kuokota tofali lililodondoka. Hakuinuka.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kiberiti tu. Na mawingu yalikwishaanza kujikusanya. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Hilo kila mtu kijijini alilijua, hata mbuzi walilijua.

Waliokuja kuzika walibaki kufariji, na waliobaki kufariji walibaki kula. Jikoni alikuwepo dada wa marehemu, mwanamke aliyegeuza misiba ya watu kuwa ofisi yake. Hakuna matanga yaliyopikwa kijijini bila yeye kushika mwiko na kuamua nani apewe mnofu na nani apewe mchuzi. Kwa kaka yake mwenyewe ilikuwa kama amepandishwa cheo. Mbuzi wawili wa mjane walichinjwa siku ya kwanza. Siku ya pili mjane, kutoka mkekani alikoketishwa, aliona magogo ya tanuru yakiwaka chini ya masufuria.

Akainuka, akaenda jikoni taratibu.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "hizo kuni si za kupikia. Ni za tanuru."

"Tanuru gani tena?"

"La kaka yako. Lile pale."

Wifi aliweka mwiko chini. Alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, na hakuona sababu ya kuipunguza. "He! Mume wako udongo haujamkauka, wewe roho yako iko kwenye kuni? Jamani, sikieni! Mwenye nyumba anasema nisiwapikie wageni. Tuzime?"

Wanawake waligeuka wote. Mmoja akasonya. Mwingine, ambaye alikuwa amebeba sahani ya pili, aliinamisha kichwa kwa masikitiko huku akitafuna.

"Sikusema hivyo, wifi."

"Ulisemaje?"

"Basi. Endelea tu."

Alirudi mkekani. Aliona aibu, na ile aibu yake ndiyo iliyomaliza kuni kuliko sufuria lolote. Binti yake, mtu mzima wa kutosha kuwa na nyumba yake, mwenye miguu iliyopasuka kwa kukanyaga udongo, alimsogelea.

"Mama, tuwaambie waondoke."

"Wataondoka wenyewe."

Waende wapi? Kulikuwa na nyama.

* * *

Kaka mkubwa wa marehemu aliitwa Karani. Zamani alikuwa karani wa ghala la mazao. Ghala lilikwishafungwa na buibui wamehamia, lakini yeye alibaki na cheo na kalamu mfukoni mwa shati. Sasa aliutaka uenyekiti wa chama cha ushirika. Siku ya tatu alisimama katikati ya turubai akakohoa mpaka watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu, nimepigiwa simu. Mheshimiwa mwenyewe anakuja kutupa pole, kesho kutwa."

Si kweli kwamba alipigiwa. Alipiga yeye, mara nyingi, akisubiri kwenye laini huku salio likiyeyuka. Mheshimiwa hakuwahi kumwona Kalibu hata kwa mbali, na kama angemwona angemkwepa asije akampaka udongo. Lakini kifo ni kisingizio kizuri cha kumleta mkubwa uani kwako, na Karani hakuwa mtu wa kuacha kisingizio kipotee bure.

Watu walipiga makofi. Msibani, makofi.

Baadaye alimwita mjane pembeni, akiwa amefuatana na mwashi, kijana aliyefundishwa kushika pima maji na Kalibu mwenyewe.

"Shemeji, tunataka kumjengea ndugu yangu kaburi la heshima. Mheshimiwa hawezi kuja kuweka shada juu ya kifusi."

"Ni vizuri, shemeji. Matofali mtapata wapi?"

Karani alicheka. "Mwenye matofali ananiuliza matofali!"

"Yale hayajachomwa."

"Najua. Mimi si nimezaliwa hapa?"

"Sasa?"

"Tunapiga lipu, tunapaka chokaa, basi. Nani atachungulia ndani?"

"Mvua itachungulia."

"Mheshimiwa anakuja kesho kutwa," alisema Karani kwa uvumilivu, kama anayemwelewesha mtoto. "Mvua bado."

Mjane alikunjua kanga yake, akaikunja tena. "Basi tuwashe kwanza. Yakiiva mtachagua mnayotaka."

"Tuwashe? Na moshi wote ule? Mgeni aje msibani au kiwandani? Shemeji, usiniaibishe. Watu wamechanga."

"Michango imenunua nini?"

"Viti. Spika. Chokaa ya kutosha."

"Na saruji?"

"Mfuko mmoja. Unatosha ukipakwa mwembamba."

"Shemeji, yale ni nyumba yangu."

"Na marehemu ni ndugu yangu," alisema Karani, akaenda zake kuhakikisha spika.

Mwashi alibaki na sururu mkononi. Hakumtazama mjane, alilitazama tanuru, akatafuta mahali pa kuanzia.

"Nisamehe, mama. Nimeagizwa."

"Umeagizwa na nani?"

"Na mwenye msiba."

Ndipo mjane alipojua kwamba mwenye msiba ni mtu mwingine. Alisimama akatazama udongo wa kukandikia ukibanduliwa, na matofali ya pembe ya juu, yenye alama za vidole vya mumewe ubavuni, yakishushwa kwenye toroli. Ukimya wake ulimkasirisha binti, na ungemkasirisha mtu yeyote mwenye damu.

Kaburi lilipanda. Lilikuwa refu, lenye ngazi mbili, jeupe kama kaunta ya duka jipya. Kalibu maisha yake yote hakumiliki hata meza. Karani alilizunguka mara kwa mara akilipiga picha kwa simu, na kila aliyepita alivutwa mkono aje alione. Wote waliona, wote walijua ndani kuna nini, na wote walisema limependeza.

* * *

Jioni ya kuamkia ugeni, Karani aligundua kwamba ardhi kando ya kaburi ilikuwa laini. Alibonyeza kwa kiatu, akaona kiatu kikizama, na uso wake ukaonyesha uchungu ambao haukuonekana siku ya kuzika.

"Atachafuka," alisema. "Tunahitaji kijukwaa. Kidogo tu, cha kusimama Mheshimiwa."

Mwashi alijikuna. "Ya juu tumeshayagusa mno, Karani. Nikitoa zaidi itabidi nitoe ya chini, pale midomoni."

"Ukitoa ya midomoni," alisema mjane, "litakaa chini lote."

"Shemeji atafyatua mengine," Karani aliwaambia waliokuwepo, akicheka. "Si mnaona mikono yake? Ana nguvu kunishinda mimi. Kesho asubuhi, mapema, kabla viti havijapangwa. Sawa, shemeji?"

Alikuwa mwanamke wa kusema sawa. Alisema sawa alipoolewa na mtu mwenye kalibu tu, alisema sawa duka la shemeji yake lilipojengwa kwa ahadi, alisema sawa kwa mbuzi na kwa kuni.

"Sawa," alisema.

Kulipopambazuka, waombolezaji wakiwa bado wanakoroma chini ya turubai kwa shibe, alimwamsha binti yake. Walikoroga udongo kwenye beseni wakaziba pengo lililoachwa na mwashi. Kuni zilizobaki kwenye rundo, ukiacha zilizokwisha kubebwa jikoni, zilikuwa kidogo, chini ya nusu. Walizitia midomoni zote.

"Nipe kiberiti."

"Mama, una hakika?"

"Baba yako alikuwa anaanza upande unaotoka upepo. Shika majani makavu hapo."

Moto ulishika. Mwashi alipokuja na toroli lake alikuta midomo mitatu inanguruma na mjane ameketi mbele yake juu ya ndoo.

"Mama, umeliwasha?"

"Toa tofali, kama unaweza."

Mwashi alitazama moto, akatazama toroli. Kisha akaligeuza, akaondoka nalo tupu, na hakwenda haraka kumwambia Karani.

* * *

Tanuru likianza kushika moto hutoa moshi mweupe mzito, maji yanapotoka kwenye matofali. Upepo wa asubuhi uliuchukua moshi wote huo ukaupeleka chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi, kwenye spika, kwenye kaburi jeupe. Karani alikuja mbio, koti lake la suti likipepea, maana lilikuwa la mtu mnene zaidi.

"Zima! Shemeji, zima sasa hivi! Gari limeshaingia njia panda!"

"Tanuru halizimwi, shemeji. Si umezaliwa hapa?"

Alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Halafu akasikia honi, akakimbilia upande wa honi.

Mheshimiwa alishuka, akakohoa, akafuta macho kwa leso, na watu waliona macho yanafutwa wakaguswa. Alisimama juu ya meza ndogo ya kukodi, iliyotandikwa kitambaa badala ya kijukwaa, akasema kwamba marehemu alikuwa seremala hodari na taifa limepoteza seremala. Hakuna aliyemsahihisha. Karani alipiga makofi ya kwanza.

"Mjane yuko wapi, nimpe mkono wa pole?"

"Amezidiwa, Mheshimiwa," alisema Karani. "Ila dada wa marehemu huyu hapa."

Wifi alijitokeza akilia vizuri sana. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia kifuani, akaendelea kulia, na kilio hakikuyumba hata kidogo.

Nyuma ya kibanda, binti alisema, "Mama, kuni zimeisha."

Tanuru lilikuwa ndiyo kwanza linapata joto la katikati. Moto ukikatika hapo, matofali yanapasuka. Hayawi mabichi wala hayawi mabivu, hayawi kitu. Mjane aliinuka. Alikwenda moja kwa moja jikoni, mbele ya macho ya wageni wote, akaliinamia figa la sufuria kubwa, akavuta gogo linalowaka. Kisha la pili. Kisha la tatu. Mpishi msaidizi alibaki amekodoa macho, mwiko hewani.

"Mama, nyama ya Mheshimiwa haijaiva!"

"Kuni ni zangu."

Binti alifuata nyuma akabeba yaliyobaki. Mheshimiwa aliletewa nyama ngumu, akaitafuna kwa adabu, akakumbuka mkutano mwingine, akaondoka. Watu waliobaki walisema mjane amechanganyikiwa. Walisema hivyo huku wakiangalia kama chakula kitagawiwa hivyo hivyo.

Magogo ya jikoni hayakufika mbali. Mjane aliangaza uani, hapana hata ukuni. Macho yake yakatua kwenye lile gogo lililoegemeza ukuta.

"Toa vyombo," alimwambia binti yake.

"Mama!"

"Toa vyombo, na nguo, na godoro."

Gogo lilipovutwa ukuta ulilala chini kwa kishindo kidogo tu, kana kwamba ulikuwa umechoka kusubiri. Walishusha mabati wakayaweka kando. Wakang'oa nguzo, wakavunja fito, wakabeba boriti zilizopakwa masizi ya miaka yote ya ndoa yake. Mlango ulikwenda. Fremu ya dirisha ilikwenda. Kuni za nyumba ya zamani ni kavu, zinawaka vizuri. Chini ya turubai watu walisimama juu ya viti kutazama mwanamke anavyobomoa nyumba yake siku ya matanga, na hapana hata mmoja aliyeshuka kumsaidia kubeba.

Mwisho kilibaki kitanda. Kalibu alikitengeneza kwa miti na kamba, na upande wake kamba zilikuwa zimelegea kwa uzito wake.

"Hiki tukiache, mama," alisema binti.

Mjane alikaa kwenye kitanda, upande ule uliolegea. Na hapo, juani, hadharani, uso umejaa masizi, alilia. Tangu mumewe aanguke alikuwa hajalia. Hakupewa nafasi, watu wengine walikuwa wanalia kwa zamu. Alilia kwa sauti mbaya, nzito, na binti akamshika mabega akalia naye. Walimlilia mtu aliyewapenda bila maneno na akafa ameinama kazini. Wifi aliposikia kilio kule nyuma, alidhani anapitwa, akapandisha chake.

"Kikate," alisema mjane alipomaliza, akajifuta. "Angekikata yeye mwenyewe."

Walilisha moto mpaka matofali ya juu kabisa yakawa mekundu na moshi ukaisha. Kisha wakaziba midomo kwa udongo.

* * *

Mvua ilinyesha waombolezaji walipokwisha kutawanyika, ikanyesha kwa nguvu. Lipu nyembamba ya kaburi ilipasuka kwanza kwenye pembe. Maji yakaingia ndani, na mambo ya ndani yakatoka nje. Asubuhi kaburi la heshima lilikuwa rundo la tope lenye vipande vyeupe.

Karani alikuja na mwavuli. Mjane na binti yake walikuwa wamejibanza chini ya mabati waliyoyaegemeza kwenye tanuru, na hapo palikuwa pakavu na bado pana joto.

"Shemeji, kaburi la ndugu yangu limeharibika."

"Nimeliona."

"Watu wanapita wanacheka. Na uchaguzi wa ushirika ndiyo huu unakuja." Alisogeza mwavuli, akajikinga vizuri. "Nipe matofali kidogo tu. Haya yaliyoiva."

"Hapana."

Neno hilo alikuwa hajawahi kumwambia. Lilimtoka jepesi kuliko alivyodhani, akashangaa mwenyewe.

"Ndugu yangu alale kwenye tope?"

"Alilala kwenye tope akiwa hai, na duka lako linamtazama."

"Nitalipa, shemeji."

"Ya duka ulisema hivyo hivyo."

Binti aliinama akacheka, hakuificha. Karani aligeuka na mwavuli wake. Alipoondoka aliteleza, akashika matope kwa mkono wa kalamu.

Mvua ilipokatika walifungua tanuru. Matofali ya pembeni, upande uliobomolewa, yalikuwa yameungua nusu, hayafai. Ya katikati yalikuwa mekundu na yalilia yakigongwa. Hayakutosha vyumba viwili na sebule. Yalitosha chumba kimoja, kikubwa kiasi.

Siku hiyo hiyo mjane alichukua sepetu na beseni akaenda kaburini. Akaanza kukwangua lile tope, akichambua vipande vya lipu na kuvitupa pembeni.

"Mama, watasema umebomoa kaburi la baba."

"Kaburi liko chini, sijaligusa. Hili lilikuwa jukwaa la baba yako mkubwa." Alijaza beseni. "Udongo huu aliukanyaga baba yako. Utatufaa kujengea."

Alichota mpaka akafika kwenye kifusi cha siku ya kuzika, kile cha kwanza, cha haraka. Hapo akaacha. Alikisawazisha kwa viganja, pande zote, kama marehemu alivyokuwa akisawazisha tofali kwenye kalibu kabla ya kulifyatua, akakaa nacho kidogo akimwambia mambo ambayo binti aliona vyema asiyasikilize.

Walimwaga tope mahali palipokuwa kibanda, wakaongeza maji, wakaingia miguu mitupu kulikanyaga. Mjane alikuwa analia tena, akikanyaga.

Mwashi alitokea na mwiko wake na uzi wa kunyooshea. Alisimama ukingoni mwa tope, hakujua aweke wapi macho.

"Nani amekuagiza?" mjane alimuuliza.

"Hakuna."

Mjane aliendelea kukanyaga, mwashi akahamisha mwiko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Basi vua viatu," alisema mjane.